Kadi Tisa za Posta na Shamba la Minazi

Jamaa za wakulima wa Kwale aghlabu hazina shajara iliyoandikwa. Masharifu wanazo nasaba zao, na Mazrui wana tarikh iliyoandikwa na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Lakini mkulima wa Msambweni, wa Gazi au wa Vanga akiulizwa habari za wazee wake, huinuka akakuonyesha mnazi. Huu aliupanda babu, ule aliupanda shangazi siku aliyozaliwa fulani, na ule uliopinda ndio mpaka. Shajara ya namna hiyo ni nzuri maadamu minazi imesimama. Mnazi nao una ajali yake. Hupigwa na kimbunga, huliwa na chonga, hukatwa mbao, na ukianguka huondoka na sura nzima ya kitabu.

Sisi tunaoandika makala haya ni wanawake wanne wa ukoo mmoja, uliogawika nyumba mbili. Shamba letu liko upande wa Msambweni, hujafika mto wa Ramisi. Aliyelifungua ni mzee mmoja ambaye wawili wetu humwita babu, kwa kuwa tumetokana na binti yake wa pekee, na wawili humwita mjomba wa wazee wetu, kwa kuwa tumetokana na dada yake. Hapa tutamwita Mwenye Shamba tu, ili asipendelewe nyumba yoyote. Kwa muda wa miaka mingi nyumba ya dada ndiyo iliyoshika shamba, na nyumba ya binti ilikuwa ikiletewa nazi za futari kila Ramadhani, basi. Hapakuwa na ugomvi wa kupigana. Palikuwa na kule kunyamaziana ambako kila mwenye jamaa anakujua, watu husalimiana msibani na kuachana mlangoni.

Kilichotukalisha pamoja ni kadi za posta. Sita zilikuwa katika bati la biskuti ndani ya kasha la nyumba ya dada. Tatu zilikuwa nyumba ya binti, zimetiwa katikati ya kurasa za msahafu mkuukuu. Kila nyumba iliziona zake kuwa ni picha za zamani za kuonyesha wageni. Zilipolazwa mkekani zote tisa, baada ya khitma moja, ndipo tulipotambua kuwa ni maandiko ya mtu mmoja, isipokuwa moja ya mwisho, na kwamba nusu haisemi bila ya nusu ya pili.

Yafaa tueleze kwanza kadi hizi ni kitu gani, kwani vijana wetu wengi hawajapata kuishika. Kadi ya posta ilianza Austria mwezi wa Oktoba 1869, na Uingereza ikaiiga mwaka uliofuata. Mwanzo ilikuwa karatasi ngumu isiyo na picha. Picha zilipoingia, upande mmoja wote ulikuwa wa anwani na mtu aliandika maneno yake machache pembeni mwa picha. Uingereza ikaruhusu mwaka 1902 upande wa anwani ugawiwe kwa mstari, kushoto maneno na kulia anwani. Ujerumani ikafuata 1905. Kwa hivyo mstari ule mdogo wa katikati ni shahidi. Kadi isiyo nao aghlabu ilichapwa kabla ya miaka hiyo.

Katika pwani yetu, wapigaji picha wa kwanza kufanya biashara hii kwa wingi walikuwa Wagoa wa Unguja, mfano wa A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Wakipiga picha za bandari, za majumba ya mawe, za karafuu zikianikwa, za wachukuzi na za wanawake, kisha picha huchapwa Ulaya na kurudi kuuzwa kwa mabaharia na wasafiri. Maneno ya Kiingereza au ya Kijerumani chini ya picha yaliandikwa na mtu ambaye mara nyingi hakumuuliza aliyepigwa picha jina lake. Basi ni vyema kukumbuka tangu mwanzo kwamba uso wa kadi si wa jamaa yako. Uso unakuambia mchapaji aliona nini kinauzika. Jamaa yako yuko nyuma ya kadi, na yuko pia katika ule uchaguzi wake, kwamba kati ya picha ishirini dukani aliichukua hii.

Kadi ya zamani kabisa iliyotumwa ni ya Tanga. Picha yake ni ya stesheni ya reli, ile reli ya Usambara ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi 1911. Stempu yake ina picha ya merikebu na bei yake ni kwa heller. Wasomaji wetu wanaosema "sina hela" wajue kwamba wanalitaja sarafu hilo. Wajerumani walipoacha kuhesabu rupia kwa pesa 64 na kuanza kuihesabu kwa heller 100, ilikuwa mwaka 1905. Na posta ya kuvuka mpaka kutoka Tanga ilikatika kwa vita vya 1914. Stempu peke yake, basi, imetufungia kadi hiyo ndani ya miaka isiyozidi kumi. Nyuma yake pameandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa Kiswahili, "Rajab 1330", yaani baina ya Juni na Julai 1912.

Imeandikwa kwa mtoto wa dada, ambaye wakati huo alikuwa akisoma chuoni. Mwenye Shamba anamwita "mwanangu", anamuusia asome, na anasema kwamba akirudi atampeleka akamwonyeshe mipaka. Maneno hayo yalitushitua kidogo sisi wa nyumba ya binti. Lakini mwenye kuzijua desturi za Wadigo hashituki. Kwa ada ya kale, mali ya mwanamume haikwenda kwa mwanawe bali kwa watoto wa dada yake, kwa kuwa ukoo ulifuata tumbo la mama. Uislamu ulienea kwa Wadigo khasa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja na sala na saumu ukaleta ilimu ya faraidhi. Ada na sheria vikakaa nyumba moja kwa muda mrefu, na si mara moja wala mara mbili vilivyogombania shamba hilo hilo moja. Mwaka 1912 Mwenye Shamba alikuwa bado kijana asiye na mtoto. Alipomwita mpwa wake "mwanangu" alisema alichofunzwa.

Baada ya hapo kuna kimya cha miaka kumi na miwili. Mwaka 1914 vita viliingia baina ya Waingereza na Wajerumani, na posta ya kuvuka mpaka wa Vanga ikakatika. Mwezi wa Januari 1915 walipigana Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga, na watu wa pwani ya kusini wakapita tabu ya kukimbizana na majeshi na kukamatwa kuchukua mizigo. Wazee wetu husimulia kwamba alirudi kwa miguu kutoka Tanga, akitembea usiku. Minazi ya kwanza ya shamba, kwa masimulizi hayo hayo, ilipandwa baada ya kurudi kwake.

Kadi tatu ni za Unguja. Stempu zina sura ya Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, na bei ni kwa senti za rupia, jambo linalotuonyesha kuwa ni kabla ya 1936, mwaka ambao Unguja iliingia katika shilingi. Mwenye Shamba alikwenda huko kuchuma karafuu, kama walivyofanya watu wengi wa kwetu, ili apate fedha taslimu ambazo mihogo na mahindi havikuzileta. Moja ya kadi hizo ndiyo iliyotuchekesha na kutupa darasa.

Imeandikwa Shaaban 1342, yaani Machi 1924. Tuliisoma hivi: "Nitafika kabla ya mfungo inshaallah. Uza bata wote, usimwachie Muhindi kwa bei ya chini." Tukajiuliza, bata? Hakuna katika jamaa yetu aliyepata kusikia kwamba shamba lile lilikuwa na bata, na mmoja wetu akaanza kuhadithia kwamba huenda palikuwa na bwawa. Ikawa tumekwisha kujenga bwawa, tumelitia na maji, mpaka alipokuja mwalimu mmoja mzee wa chuo akatucheka. Katika uandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waandishi wengi hawakuandika sauti ya m au n inayotangulia herufi nyengine. "Mbata" huandikwa "bata". Alikuwa akiamuru ziuzwe nazi zilizokaushwa. Neno hilo moja limetuambia mambo mawili: kwamba kufikia 1924 minazi yake ilikuwa imekwisha kuzaa kiasi cha kuuza, na kwamba aliyesimamia mauzo wakati yeye hayupo alikuwa dada yake, kwa kuwa kadi hiyo ni ya dada. Mwanamke, naye alipatana bei na mwenye duka.

Twataka kulisimamia hili kidogo. Katika masimulizi yote tuliyolelewa nayo, shamba ni la wanaume. Mjomba alifungua, mpwa akashika, mjukuu akaandikiwa hati miliki miaka ya 1970. Wanawake walikuwa wakitajwa kwa kupika. Lakini kadi tano kati ya saba za Mwenye Shamba zinazungumza na wanawake, na hazizungumzi mapishi. Zinauliza mvua za masika, idadi ya nazi, palizi ya mpunga bondeni, deni la fulani. Dada yake hakujua kuandika kwa herufi za Kizungu, ndiyo sababu anwani imeandikwa na mkono mwengine, kwa duka la Muhindi hapo Msambweni. Kusoma hati za Kiarabu alikujua.

Kadi tatu za nyumba ya binti ni za Mombasa. Kufikia hapo Mwenye Shamba alikuwa akifanya kazi Kilindini miezi ya kiangazi na kurudi shamba wakati wa masika. Ya kwanza ina picha ya gati, ya pili ya Ngome, na ya tatu ina picha ya mtu juu ya mnazi. Chini ya picha hiyo ya tatu mchapaji ameandika kwa Kiingereza kwamba huyo ni mgema tembo. Shangazi yetu mkubwa, aliyekwisha kupita umri wa miaka themanini, alilipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Mgema, alisema, huwa na kotama kiunoni na kibuyu. Huyu hana hiki wala kile, na chini ya mnazi pana fungu la nazi kavu. Huyu ni mkwezi, na mtu asimzulie. Tumeitazama picha kwa kioo cha kukuzia na tumemkubalia shangazi. Mwenye Shamba hakuwa mtu wa kumpelekea binti yake picha ya tembo.

Nyuma ya kadi hiyo, Rabi al-awwal 1353, sawa na Juni au Julai 1934, ameandika: "Minazi ya kisimani nimekupa wewe. Ichume, usingoje nirudi." Stempu ina sura ya Mfalme George wa Tano na majina ya Kenya na Uganda tu, jina la Tanganyika liliongezwa katika stempu za 1935. Tarehe na stempu zimekubaliana.

Ya mwisho haikuandikwa na yeye. Imeandikwa Mombasa na sahibu yake, mwezi wa Muharram 1358, yaani baina ya Februari na Machi 1939, na stempu ina sura ya Mfalme George wa Sita. Imeandikwa kwa dada. Inampa pole ya ndugu yake, inamwambia kwamba maiti alioshwa na kusaliwa na watu wengi, na kwamba nguo zake na fedha chache ziko salama zitaletwa. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, aliyekufa na aliyeandika.

Hiyo ndiyo kadi iliyogeuza mazungumzo yetu. Nyumba ya binti ilikuwa ikiamini kwamba dada alitangulia kufa, na kwa hivyo nyumba ya dada ilishika shamba kwa ada tupu. Nyumba ya dada, kwa upande wake, ilikuwa ikiamini kwamba shamba lote lilikuwa lao kwa sababu ya ile kadi ya Tanga iliyosema "mwanangu". Tukachukua kadi zote tisa kwa sheikh mmoja mjuzi wa mirathi. Akauliza: Aliacha mtoto wa kiume? Hakuacha. Baba, au babu wa kuumeni? Walikwisha kufa. Ndugu wa kiume? Hakuwa naye. Mama na mke? Walitangulia. Basi aliacha binti mmoja na dada wa baba na mama mmoja, na kadi hii inaonyesha kwamba dada alikuwa hai. Binti mmoja fungu lake ni nusu. Dada, akiwapo pamoja na binti na pasiwepo mwanamume wa kumzuia, huchukua kilichosalia. Kilichosalia ni nusu.

Nusu kwa nusu. Mtoto wa dada, yule aliyeitwa "mwanangu", hakuwa na fungu lolote kwa mjomba wake. Alichopata kwa haki alikipata baadaye, kwa mama yake. Ama minazi ya kisimani, sheikh alisema hiyo ni hiba, na hiba hutimia kwa kukabidhiwa. Akauliza kama binti aliwahi kuichuma uhai wa baba yake. Hapo shangazi wa nyumba ya dada, ambaye alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, alisema kwamba tangu utotoni mwake sehemu ile ikiitwa kwa jina la binti, na kwamba mama yake mzazi alikuwa akiwakataza watoto wasiokote nazi zake. Alitoa ushahidi dhidi ya nyumba yake mwenyewe bila ya kusitasita. Hatujapata kuona jambo lililotupendeza kuliko hilo katika kazi hii yote.

Twajua kwamba mahakamani kadi ya posta si hati ya kumiliki. Katika ukanda huu wa maili kumi, habari za ardhi zina historia yake ngumu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai pwani wayapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni; wakulima wengi walikuta baadaye kwamba wanalima mahali wasipotambuliwa. Sisi tulibahatika kupata hati miliki. Kwa hivyo hatukushindana na serikali wala na tajiri, tulishindana sisi kwa sisi, na hapo kadi ilitosha, kwa sababu kila mmoja aliujua mwandiko.

Imebaki kadi moja hatujaitaja, ya sita katika bati la biskuti. Haikuandikwa kitu wala haikutumwa. Nyuma haina mstari wa kugawa, kwa hivyo ni ya zamani kuliko zote. Picha yake ni ya msichana aliyefungwa kanga chini ya mabega, amesimamishwa mbele ya pazia la studio, na chini yake maneno ya Kizungu yasiyomtaja jina. Kadi za namna hii zilichapwa kwa maelfu. Miongoni mwa wasichana waliopigwa picha hizo kulikuwa na waliokuwa watumwa au waliotoka utumwani karibuni, wasiokuwa na uwezo wa kukataa. Kijana mmoja wetu alitaka tuichape hapa kwa kuwa "ndiyo nzuri kuliko zote". Tumekataa. Huyu ni mama wa watu, hata kama hatujui wa kina nani, na sitara aliyonyimwa siku ile hatuoni sababu ya kumnyima mara ya pili. Kadi imewekwa katika bahasha peke yake. Tulichochapa katika toleo hili ni migongo ya kadi na picha ya mkwezi.

Kwa wasomaji wenye kadi au picha zao ndani ya makasha, haya ndiyo tuliyojifunza kwa vitendo. Msibandue stempu, hata watoto wakililia. Kadi bila stempu imepoteza nusu ya ushahidi. Msitumie gundi wala plastiki ya kunata, kwani kwa joto na unyevu wa pwani hushika wino na kuung'oa. Bahasha ya karatasi kavu ndani ya bati lililofungwa inatosha kuzuia mende na mchwa, na bati likae juu, mbali na ukuta unaotoa chumvi. Pigeni picha pande zote mbili kwa simu, kivulini, asubuhi, na nakala zipelekwe nyumba mbili tofauti. Majina yaandikwe kwa penseli katika karatasi ya kando. Wazee wasikilizwe wakiwa wameshika kadi mkononi. Tuliona kwamba shangazi aliyesema "sikumbuki" alikumbuka mara alipomwona mkwezi.

Mwenye kutaka kulinganisha kadi zake na nyengine anaweza kuangalia mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960, nao hutazamwa bure katika intaneti. Nyaraka za Taifa zilizoko Nairobi na zile za Zanzibar pia zina picha za zamani. Kitabu cha Prita Meier kilichotoka 2024 kinasimulia kwa urefu historia ya upigaji picha katika pwani ya Waswahili. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini vijana wetu wanaweza kuwasomea wazee.

Shamba limekwisha kupimwa. Mpaka wa nyumba mbili umekubaliwa kuanzia barabarani hadi kwenye mwembe, na hati mpya mbili zinashughulikiwa. Pale kisimani bado pana maneno, kwa sababu minazi aliyopewa binti imeanguka yote isipokuwa miwili, na wanaume wa nyumba zote mbili hawakubaliani safu ilifika wapi. Shangazi amesema anaijua ilipofika. Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, atachukuliwa kwa gari hadi shambani akaonyeshe kwa bakora yake, na vijana watatia vigingi pale atakapogusa.